Wahunzi wa Kamukunji: tathmini ya kazi zao na ya jina lao

Mnunuzi akifika Kamukunji, pale kando ya Barabara ya Landhies karibu na soko la Gikomba, na kuuliza atampata wapi mhunzi, hatajibiwa papo hapo. Kwanza ataulizwa anataka kutengenezewa nini. Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu neno mhunzi, ambalo kamusi hulieleza kwa ufupi kuwa ni fundi wa kufua vyuma, limegawanyika pale baina ya watu wa aina tatu, na kazi za watu hao hazilingani kwa ubora, kwa bei wala kwa muda zinaoweza kudumu. Nimenunua na kutumia kazi za aina zote tatu. Niyaseme maoni yangu mapema ili msomaji mwenye haraka asipotee: kwa kifaa chenye makali kilichofuliwa kwa moto, sijaona mahali Nairobi panapoishinda Kamukunji, kwa kazi za bati, Kamukunji inamfaa mtu anayejua kukagua, na kwa kazi za kuchomelea, hakuna haja ya kufunga safari, kwa maana zinapatikana vilevile katika karibu kila mtaa.

Watu waliosoma Kiswahili katika shule za msingi za Kenya wanalikumbuka neno mhunzi kutoka katika somo la watu na kazi zao, ambamo liliwekwa katika orodha moja na sonara, dobi, saisi, tarishi na manju. Wengi walilikariri kwa ajili ya mtihani na hawakulitumia tena, kwa sababu nje ya darasa kila mwenye ujuzi wa mikono aliitwa fundi: fundi wa viatu, fundi wa nguo, fundi wa mabomba, fundi wa simu. Neno fundi lina heshima yake na sina nia ya kulishusha, lakini upana wake unamficha mnunuzi jambo muhimu. Anayeitwa fundi wa chuma anaweza kuwa mtu anayekunja bati likiwa baridi, au mtu anayeunganisha vyuma kwa umeme, au mtu anayekitia chuma motoni hadi kiwe chekundu, akakibadilisha umbo na pia tabia. Mhunzi kwa maana ya asili ni huyo wa mwisho peke yake.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika vyombo vyake. Lugha imemwekea mhunzi msamiati kamili ambao wale wengine hawauhitaji: ana mivukuto ya kupulizia moto, koleo la kushikia chuma kinachowaka, fuawe ya kukilaza, nyundo ya kukipiga na tindo ya kukikatia. Kitenzi kufua anakitumia pamoja na dobi na mfua nazi, kwa kuwa nguo zamani zilipigwa juu ya jiwe, na nazi hukandamizwa juu ya kifuo mpaka makumbi yaachie, na katika kazi zote tatu kuna nguvu ya mkono na kitu kigumu cha kuipokea. Lakini kutia matiko ni kazi ya mhunzi tu. Kutia matiko ni kukipasha moto tena chuma kilichokwisha kufuliwa na kukipoza kwa kadiri na kwa wakati unaotakiwa, ili makali yake yawe magumu pasipo kuvunjika kwa wepesi. Kifaa ambacho hakikutiwa matiko, hata kikiwa na umbo zuri namna gani, kitapinda au kitakuwa butu siku ile ile kitakapoanza kutumika, na hapo ndipo tofauti ya maana ya neno inapogeuka kuwa tofauti ya pesa mfukoni.

Wahunzi wa namna hiyo ni wachache Kamukunji, nao hawako mbele. Mbele, kuelekea barabarani, yamepangwa masanduku yaliyopakwa rangi, makarai, majiko, vikaango vya chapati na mashine za kukaangia chipsi, na wauzaji wanaomwita kila apitaye. Mgeni hana budi kupenya vichochoro vilivyojaa vipande vya bati hadi afike palipo na kivuli kizito. Kivuli hicho kina sababu. Mhunzi hupima joto la chuma kwa macho, kwa kuangalia wekundu wake, na mwanga wa jua huififisha rangi hiyo hata chuma kilichoiva kikaonekana bado hakijaiva. Kwa hiyo katika eneo zima linaloitwa Jua Kali, yeye ndiye anayelikimbia jua kwa makusudi.

Nilimkuta mzee mmoja akifanya kazi na kijana wa kumshikia koleo. Nilimsalimu, nikamwambia, "Mzee, nataka patasi ya kuchongea, ya chuma cha springi, iliyotiwa matiko vizuri." Hakuniambia bei. Aliniuliza, "Ya mti gani?" Nilipomjibu kwamba nachonga muhugu, alitikisa kichwa kukubali na kuchagua kipande kinene zaidi ya kile alichokuwa amekishika. Kwa maoni yangu swali lile peke yake linatosha kumtofautisha mhunzi na muuzaji, kwa sababu muhugu ni mti mgumu sana, na patasi ya kuuchonga huhitaji makali yenye pembe pana na ugumu tofauti na ile ya kuchonga mti laini kama mkima.

Chuma chenyewe hutoka katika springi za malori na matatu yaliyokwisha kuchakaa. Uchaguzi huo ni wa busara, kwa sababu chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kukiwezesha kuwa kigumu kinapopozwa ghafla, ilhali vyuma vingi vya kujengea na mabati ya kawaida havina, na hata mhunzi hodari hawezi kuvitia matiko yakashika. Mzee alikata kipande, akakiweka katika makaa, na kijana akawa anaendesha feni ndogo ya mkono iliyochukua nafasi ya mivukuto ya ngozi. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli. Alikipiga chuma kilipokuwa na rangi ya chungwa, akakirudisha motoni kilipoanza kuwa cheusi, na baada ya kukinyoosha akakiweka kipoe polepole kabla ya kukishughulikia kwa tupa. Ndipo ikaja kazi niliyokuwa nikiingojea. Alikipasha upya hadi makali yawe mekundu, akayachovya majini sehemu ya mbele tu, akasugua upande mmoja kwa mchanga mpaka ung'ae, kisha akatazama. Joto lililobaki katika shina lilirudi taratibu kuelekea kwenye makali, na pale palipong'aa rangi zikaanza kutembea: kwanza hudhurungi hafifu kama ya majani makavu, nyuma yake zambarau, na nyuma ya zambarau samawati. Rangi ya majani makavu ilipofika ukingoni, alikitumbukiza chuma chote majini na kukiacha. Angechelewa kidogo, samawati ingefika kwenye makali, na patasi ingekuwa laini kupita kiasi kwa kazi yangu.

Patasi ile, ambayo nililipia shilingi 400, imechonga muhugu kwa miezi mingi. Makali yake hukaa muda mrefu kuliko ya patasi za kiwandani nilizonunua hapo awali katika duka moja la vifaa mjini, ambazo zilikuja na mipini mizuri ya plastiki na chuma kilichojikunja ncha kwenye fundo la kwanza la mti. Shoka nililoagiza baadaye limekuwa hivyo hivyo. Kasoro zipo, na ni haki zitajwe. Mkia wa patasi haukuwa katikati kabisa, kwa hiyo mpini ulikaa upande kidogo mpaka nilipoutoboa upya. Uso wa chuma una alama za nyundo ambazo hakuna aliyejisumbua kuziondoa. Na pembe ya makali ilinibidi niikamilishe mwenyewe kwa jiwe la kunolea. Anayetaka kifaa cha kuanza kazi kikiwa tayari kikitoka tu mkononi mwa fundi atakereka. Mimi ningependa zaidi kupewa chuma kizuri chenye umalizio hafifu kuliko kinyume chake, kwa kuwa umalizio naweza kuufanya nyumbani na matiko siwezi.

Ni muhimu pia kuonya kwamba pale mbele huuzwa majembe, patasi na visu vinavyofanana na kazi za wahunzi lakini vimekatwa katika chuma laini na kupakwa rangi nyeusi. Njia ya kuvitambua ni tupa. Mnunuzi apitishe tupa ndogo kwenye makali: ikila kwa urahisi na kutoa unga, chuma hicho hakina matiko, ikiteleza kama juu ya kioo, kimetiwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio hilo, na anayekataa amekwisha kujibu.

Heshima ya kazi hii haikuanzia Kamukunji. Kwa Wagĩkũyũ mtu huyu ni mũturi, na kabla ya vyuma vya kigeni kuingia alikuwa akianza mbali kuliko wahunzi wa leo, kwa maana chuma chenyewe kilipatikana kwa kuosha mchanga mweusi wa mitoni na kuuyeyusha kwa makaa, moto ukipulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Alifua mikuki, sime na mapambo, akamrithisha mwanawe ujuzi huo, na laana yake iliogopwa kuliko laana ya mtu wa kawaida. Huko magharibi, watu wa Samia walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi kwa majirani zao. Kwa Wamaasai, Ilkunono, yaani jamaa ya wahunzi, walitengeneza mikuki na sime ambazo shujaa asingeweza kuwa shujaa bila kuwa nazo, na papo hapo walitengwa, watu wengine wakiepuka kuoana nao. Kazi ni moja, lakini jina lake lilibeba heshima mahali fulani, hofu mahali pengine, na kutengwa kwingineko, na mara nyingi yote hayo kwa pamoja.

Jina hilo la Kigĩkũyũ ndilo tunalokutana nalo leo kila siku likiwa limeandikwa Muturi, na anayelibeba kwa kawaida hana nyundo. Justin Muturi, kwa mfano, alikuwa hakimu kabla ya kuingia katika siasa, na alikuwa Spika wa Bunge la Taifa kutoka mwaka 2013 hadi 2022. Kudumu kwa jina baada ya kazi kutoweka kunaelezwa vizuri na desturi ya kutoa majina: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, kwa hiyo Muturi wa leo amemrithi babu yake, na babu huyo alimrithi wake, na haihitajiki mtu yeyote katika mnyororo huo awe amewahi kushika koleo. Maandishi yasiyo na alama yanaongeza utata mwingine, kwa kuwa mũturi ni mhunzi, ilhali mũtũũri, lenye irabu ndefu, ni mkazi wa mahali, na yote mawili yakiandikwa kwa haraka hukaribiana sana. Msikilizaji wa Kigĩkũyũ hawezi kuyachanganya. Msomaji wa karatasi anaweza.

Mataifa mengine yamepitia njia hiyo hiyo. Smith wa Waingereza, Schmidt wa Wajerumani, Kovács wa Wahungari na Herrera wa Wahispania wote wanarudi kwenye moto na fuawe, na nchini Marekani peke yake watu wenye jina la Smith wanazidi milioni mbili. Wingi huo una sababu yake, kwani kila kijiji kilihitaji mhunzi lakini kwa kawaida kilihitaji mmoja tu, hivyo kumwita mtu kwa kazi hiyo kulitosha kumtambulisha. Tena neno hilo la Kiingereza lilikuwa pana, likihitaji kuongezewa jina la dhahabu, la shaba au la rangi nyeusi ya chuma ili ieleweke ni fundi yupi. Kiswahili kilitatua shida hiyo mapema kwa kumpa mfua dhahabu neno lake mwenyewe, sonara. Katika pwani yetu wako wengi wanaosoma uradi uitwao Ratibu ya Haddad baada ya sala, na haddad kwa Kiarabu ni mhunzi, lakini Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyefariki Tarim huko Hadhramaut mwaka 1720, alikuwa mwanachuoni aliyeacha dua na vitabu.

Jina ambalo linaihusu Nairobi kwa karibu zaidi ni Luhar au Lohar, ambalo kwa Kigujarati na Kipunjabi ni mhunzi. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, na kufika hapa penye Nairobi mwaka 1899, walikuja nayo mafundi wengi kutoka Punjab, miongoni mwao Masingasinga wa jamaa ya Ramgarhia, ambao kwa asili ni maseremala na wahunzi. Wakenya waliwaita makalasinga, na hapo mambo yaligeuka, kwa kuwa Kala Singh lilikuwa jina la mtu na likawa neno la watu wote wanaofanana naye. Katika karakana za reli na katika viwanda vidogo vya Wahindi, vibarua Waafrika walijifunza kukata, kukunja na kulehemu, na wengi wao walipotoka huko walianza kujitegemea kwa vipande vya bati vilivyotupwa, wakitengeneza koroboi, masanduku na vyombo vya kupimia mafuta. Hao ndio wazazi wa kundi la pili la Kamukunji, kundi kubwa kuliko yote, ambalo mimi naliita la wafua bati.

Mfua bati hatumii moto, isipokuwa wa kulehemu. Ustadi wake uko katika kupima, kukata na kukunja, na katika kupiga nyundo kwa namna ya kulitanua bati bila kulipasua. Karai kubwa la kukaangia ni ushahidi mzuri wa ustadi huo, kwa sababu kipande bapa cha bati hugeuzwa kuwa chombo chenye kina kwa mapigo mengi yanayozunguka kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wake hukunjiwa waya ili usimkate mtu. Karai nililonunua ni zuri na linapasha mafuta sawasawa. Mnunuzi ahakikishe tu kwamba limetengenezwa kwa bati jeusi lisilopakwa zinki, kwa kuwa bati la kuezekea lina tabaka la zinki ambalo halifai kukutana na moto mkali wala chakula. Akiona chombo kimetengenezwa kwa pipa, aulize pipa hilo lilibeba nini. Pipa la mafuta ya kula ni salama, la kemikali si salama hata likichomwa na kusuguliwa.

Masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni ndiyo bidhaa inayouzwa zaidi, hasa Januari, na ndiyo inayohitaji macho makali zaidi. Sanduku zuri limetengenezwa kwa bati la geji 26 au lililo nene kuliko hilo, na hapa watu hujichanganya, kwa sababu namba ya geji ikipanda unene hupungua: geji 30 ni jembamba na hubonyea mwanafunzi akilikalia. Pembe ziwe zimekunjwa mara mbili na kupigwa ribiti, na bawaba na tumbuu la kufuli viwe pia vimefungwa kwa ribiti. Sanduku ambalo bawaba zake zimelehemiwa tu litaachia kabla ya muhula kwisha. Rangi isimdanganye mtu. Nimeona masanduku ya rangi nzuri ambayo, yakifunguliwa, ndani yake yana kingo ambazo hazikukunjwa na zinaweza kumkata mtoto vidole. Nimeona pia ya bei ile ile, hatua chache tu kutoka hapo, yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Mnunuzi apitishe kidole polepole ndani ya kila pembe.

Jiko la makaa lenye udongo ndani linastahili neno la peke yake, kwa sababu ni kazi ya pamoja ya mfua bati na mfinyanzi. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata wazo la majiko ya ndoo ya Thailand, na likapewa umbo la kiuno chembamba linalotambulika leo nchini kote. Udongo uliochomwa huzuia joto lisipotee pembeni, na makaa hupungua matumizi kwa kiasi ambacho mpishi anakiona kwenye gunia lake. Majiko ya Kamukunji yana bati imara kuliko ya barabarani, lakini udongo wa baadhi yake una nyufa tangu siku ya kwanza. Dawa yake ni kuugonga kwa kidole. Udongo mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Kuhusu kundi la tatu, la wachomeleaji, sina mengi. Milango, madirisha na vitanda vyao ni vya kawaida, bei zao ni za kawaida, na anayeishi Kayole au Kawangware atapata kazi sawa na hizo karibu na nyumbani bila kulipia mkokoteni.

Huduma kwa jumla ni ya moja kwa moja na ya haraka. Mnunuzi huongea na mtu yule yule anayetengeneza, akaeleza anachotaka, wakakubaliana bei, akalipa nusu kwa M-Pesa na kumalizia akirudi. Risiti hutolewa kwa nadra na dhamana ni neno la mdomo, lakini mafundi niliowarudishia kazi yenye kasoro waliirekebisha bila malipo, kwa sababu hawahami, na wanajua mteja atawakuta pale pale. Tatizo ni madalali wa mbele, wanaojitambulisha kama mafundi na kuongeza bei kwa kazi wasiyoijua. Mtu akiulizwa ni nani atakayeishika nyundo na akashindwa kumwonyesha, ni dalali.

Kinachonisikitisha ni usalama wa watu wenyewe. Mlio wa nyundo pale ni mkali kiasi kwamba mazungumzo hufanywa kwa ishara, na wafua bati wengi hawazibi masikio, ilhali inajulikana kwamba kelele za namna hiyo zikiendelea kwa miaka huharibu usikivu na haurudi tena. Vijana huchomelea wakiwa na miwani ya jua ya kawaida, ambayo haizuii vya kutosha miale inayoumiza macho. Serikali ilitoa sera rasmi juu ya sekta hii mwaka 1992, ikalitumia jina lenyewe la Jua Kali katika waraka wake, na Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeieleza Kenya umuhimu wa biashara hizi ndogo tangu ripoti yake ya mwaka 1972. Baada ya miaka yote hiyo, kumpa kijana miwani ya kuchomelea na vizibo vya masikio si jambo kubwa, na vyama vya mafundi vingeweza kulisimamia kwa ada ndogo ambayo sisi wanunuzi tungeilipa ndani ya bei bila kuisikia.

Anayetaka kuagiza kwa wahunzi wa moto aende asubuhi katikati ya wiki, kabla ya joto na msongamano, akiwa na mchoro wenye vipimo au kifaa cha zamani cha kuigwa. Ataje kazi ambayo kifaa kitafanya na aina ya mti au udongo kitakaokutana nao. Asiombe kupunguziwa bei kwa kulinganisha na jembe la bati la kule mbele, kwa maana mhunzi atapunguza kwa kuruka matiko, na hasara itakuwa ya mnunuzi. Mipini haiuzwi na wahunzi. Inapatikana Gikomba kwa wauza mbao, na wa mti mkavu ulionyooka hugharimu kidogo tu zaidi ya ule mbichi.